Jina Lako Halipo Kwenye Mkataba wa Pango: Ufanyeje Usitolewe Nje

Mwenye nyumba alinikuta mlangoni saa moja kasoro asubuhi, beseni langu la dagaa kiunoni, natoka kwenda soko la Mwaloni. Hakuniuliza kodi. Aliniuliza, "Wewe ni nani humu ndani?"

Ilikuwa 2018, Kitangiri hapa Mwanza, nyumba ya vyumba vinne iliyobanwa na mawe makubwa kule juu. Mzee yule alikuwa anaishi Musoma na nilikuwa sijawahi kumwona. Nyumba yote alikuwa amempangisha dada mmoja, na dada huyo akatupangishia sisi watatu chumba kimoja kimoja. Mimi nilimlipa 240,000, miezi sita mbele, 40,000 kila mwezi. Nusu nilimtumia kwa simu, nusu nikampa mkononi jioni moja tukiwa tunachambua mchicha. Nilikuwa nimekaa miezi miwili tu. Kumbe dada alikuwa hajapeleka kodi Musoma muda mrefu, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameshavuka Kigongo kwenda Sengerema na vyombo vyake. Wakati huo kulikuwa na kivuko tu, daraja bado.

Nilimjibu, "Shikamoo baba, mimi ni mpangaji." Akasema, "Mpangaji wangu namjua, na si wewe."

Tangu hapo nimejifunza usaidizi wa kisheria, na kesi za namna hii zinaletwa kwangu kutoka Igogo, Mabatini, Buhongwa, Nyakato, hata Malimbe kwa wanafunzi wa chuo. Wengi wanakuja wakiwa wameshaambiwa na majirani kwamba hawana haki yoyote kwa kuwa jina lao halipo kwenye mkataba. Si kweli. Wengine wanakuja wakiamini kwamba kwa kuwa wamekaa miaka miwili, hawawezi kutolewa. Hiyo nayo si kweli. Haki yako inategemea uliingia nyumba ile kwa njia gani, na unaweza kuonyesha nini mkononi.

Kwanza jijue uliingiaje

Kama ulikaribishwa tu, umekuja kutoka Ukerewe au Magu ukafikia kwa kaka yako, hulipi kodi, unachangia unga na mkaa, wewe ni mgeni wa mpangaji. Haki ya mgeni haizidi ya mwenyeji wake. Kaka akisema uondoke, au upangaji wake ukiisha, huna cha kumzuilia mwenye nyumba. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe hilo halikugeuzi kuwa mpangaji hata ukilima mwaka mzima. Ulichonacho ni haki ya kutopigwa, kutodhalilishwa, kupewa muda wa kukusanya vitu vyako, na vitu hivyo kubaki vyako. Usidharau hiyo ya mwisho.

Kama unamlipa mpangaji, kama mimi na yule dada, wewe ni mpangaji wa mpangaji. Una mkataba na yeye hata kama hamkuandika. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inakubali upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja uwe wa mdomo. Kwa hiyo anayekuambia "hakuna karatasi, hakuna upangaji" anakosea. Shida iko upande wa pili: mkataba wako ni na mpangaji, si na mwenye nyumba. Mikataba mingi ya pango niliyoisoma hapa mjini ina kifungu kinachomkataza mpangaji kupangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Kama aliyekupangisha hakupata idhini, umesimama juu ya ngazi isiyoegemezwa ukutani. Na kama aliyekupangisha amepewa notisi halali, notisi hiyo inakufuata na wewe.

Kama kodi inapokelewa na mwenye nyumba mwenyewe kutoka kwako, akijua ni wewe unayekaa, na amekuandikia risiti kwa jina lako, hapo una hoja nzito ya kusema wewe ni mpangaji wake, hata kama mkataba wa mwanzo uliandikwa kwa jina la mtu aliyehama zamani. Nimeona hili sana kwenye mageto ya vijana: aliyeandika mkataba alishaoa akahamia Igoma, waliobaki wanalipa miaka mitatu. Vijana hao wasikubali kuitwa wavamizi.

Dada wa kazi anayelala kwa mwajiri, naye hana jina kwenye mkataba. Makazi yake yameshikamana na kazi, kwa hiyo kazi ikiisha makazi yanaisha. Lakini mwajiri hana ruhusa ya kumsukuma nje usiku na mfuko wa nailoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema aliyeajiriwa akatolewa mbali, ajira ikikoma, mwajiri amsafirishe na mizigo yake hadi alikomchukua, au alipe nauli. Kama ulitolewa Bunda au Geita, nauli hiyo ni yako. Ukiachishwa isivyo halali, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Zikipita, utalazimika kwanza kuomba uongezewe muda na kueleza sababu ya kuchelewa.

Mke, mchumba, mama wa mtoto

Hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya wanaonijia ni akina mama wa kundi hili. Mume amepanga chumba na sebule, mkataba una jina lake, halafu ameenda visiwani kuvua au ameanza maisha kwingine. Mwenye nyumba anakuja: "Mume wako hayupo, toa vyombo."

Mayu, yaani mama, kama mmefunga ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume akupatie makazi, mavazi na chakula kadiri ya uwezo wake. Wajibu huo hauishi kwa yeye kuzima simu. Watoto nao wana haki yao wenyewe ya makazi. Imo kwenye sheria hiyo na imo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009. Haki hizi unamdai mume, si mwenye nyumba. Wengi wanachanganya hapo, wanagombana na mzee wa watu anayetaka kodi yake tu, wakati anayestahili kuitwa ni yule aliyeko visiwani. Nenda Ustawi wa Jamii kwenye halmashauri yako. Walio Nyamagana wanaenda Jiji, walio Ilemela wanaenda Manispaa. Usipoteze nauli kwa kwenda kusiko kwako. Wao wanaweza kumwita mwanaume, na akikaidi mnaelekea mahakamani kwa madai ya matunzo.

Kama hamkufunga ndoa, kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo kinasema mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana na watu kama mke na mume, wanadhaniwa kuwa wameoana. Ni dhana, maana yake inaweza kupingwa kwa ushahidi. Lakini hata mahakama ikiona hakuna ndoa, inaweza kuamuru matunzo yako na ya watoto. Shika hilo neno "wakajulikana". Linaonyeshwa na mjumbe anayewajua, kadi ya kliniki yenye jina la baba na mtaa mnaoishi, jirani aliyekuita mama fulani miaka yote hiyo.

Na kwa mwenye nyumba ufanyeje? Usisubiri akufuate. Mtafute wewe kabla kodi haijaisha. Mwambie, "Shikamoo baba, mwenzangu hayupo, mimi na watoto tupo, naomba kuanzia mwezi ujao tuandikishane kwa jina langu." Wengi wanakubali, kwa sababu mtu anayelipa ni bora kuliko chumba kitupu na kesi. Mimi mwenyewe nimesindikiza wanawake watano kwenye maongezi ya namna hiyo, na wanne waliondoka na karatasi.

Kama mwanaume mwenyewe ndiye anayekufukuza kwa kipigo, usianzie kwenye mambo ya kodi. Anzia polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na hospitali.

Tengeneza ushahidi wakati bado mnacheka pamoja

Ndugu yangu, sikiliza hesabu yangu. Ile 120,000 niliyotuma kwa simu ilibaki kwenye ujumbe, na jina la dada na tarehe. Hiyo ni miezi mitatu. Ile 120,000 ya mkononi, dada alipopigiwa simu na mtendaji, alisema hajawahi kuiona. Baraza la kata lilitupatanisha na mzee: akakubali nikae mwezi mmoja uliobaki katika ile mitatu niliyoweza kuonyesha. Mitatu ya mkononi ilikwenda na mchicha. Ndiyo maana nasema lipa kwa simu. Kwenye maelezo ya muamala, kama mtandao wako unaruhusu, andika "kodi Julai". Kama hauruhusu, fuatisha meseji: "Dada nimekutumia 40,000 ya chumba mwezi wa saba." Akijibu "imefika", umeshapata risiti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa kama ushahidi. Basi usifute, na ukibadilisha simu piga picha skrini kwanza, kisha umtumie mtu unayemwamini.

Halafu nenda ukajiandikishe kwa mtendaji wa mtaa. Mtu akihamia anatakiwa ajulikane na serikali ya mtaa, lakini wengi tunaenda siku tunapotaka barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti au ya NIDA. Mimi nilikuwa nimeenda kwa sababu ya barua hiyo, wiki ya pili tu baada ya kuhamia. Jina langu lilipoonekana kwenye daftari la wakazi, yule mzee wa Musoma alitulia. Aliacha kuniita mvamizi, tukaanza kuongea.

La tatu ni karatasi. Haihitaji wakili. Chukua karatasi ya daftari, andika hivi:

"Mimi (jina), mpangaji wa nyumba iliyopo Mtaa wa (…), Kata ya (…), nimempangisha (jina lako) chumba kimoja kwa kodi ya shilingi (…) kwa mwezi, kuanzia tarehe (…) hadi tarehe (…). Nimepokea shilingi (…) za miezi (…). Umeme na maji tutachangia hivi: (…). Atakayetaka kusitisha atatoa notisi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba amejulishwa na amekubali."

Weka sahihi zenu, mashahidi wawili, mmoja wa kila upande, namba za simu, na muhuri wa serikali ya mtaa. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa. Kama anayekupangisha anaigomea, anasema "mwenye nyumba hana neno, tuache tu", jua hana idhini, na uamue ukijua hivyo. Angalau usilipe miezi sita mbele. Lipa mmoja mmoja, ili ukitolewa upoteze mmoja.

Weka pia risiti za vitu vyako: godoro, jiko la gesi, cherehani, friji. Nitaeleza sababu mbele kidogo.

Siku wakija na kufuli

Mwenye nyumba anayetaka kumtoa mtu asiyetaka kutoka anapaswa kwenda kwenye chombo cha sheria apate amri. Hana ruhusa ya kuezua bati, kung'oa mlango, kukata umeme ili mhame, wala kutupa vyombo mvuani. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, notisi isipungue mwezi mmoja, kwa sababu Sheria ya Ardhi inapima notisi kwa kipindi cha kodi. Wazee barazani wakati mwingine bado wanataja sheria ya zamani ya kudhibiti pango ya 1984. Ilifutwa 2005, usiitegemee.

Siku hiyo ikifika, usipigane. Usivunje kufuli pia, hata kama chumba ni chako, maana utageuzwa mshtakiwa. Piga picha kufuli, mlango, vyombo vilivyotolewa. Ita majirani wawili waone. Mpigie mwenyekiti wa mtaa au mtendaji aje palepale; sauti yake hutuliza watu kabla hawajafanya jambo la kujutia. Kama kuna kilichovunjwa au kuibwa, nenda polisi ukaandikishe na uchukue RB, ile namba ya taarifa yako. Polisi watakuambia suala la upangaji ni la madai, na ni kweli, lakini kuharibu mali kwa makusudi na kuiba ni jinai. Eleza hilo tu: kilichoharibiwa, kilichopotea, nani alionekana.

Sasa zile risiti. Mwenye nyumba akizuia vitu vyako kwa sababu ya kodi aliyodaiwa mpangaji aliyetoroka, mwambie kwa heshima kwamba hukuwa na mkataba naye na deni la dada si deni lako. Maneno hayo yana nguvu ukiwa na karatasi inayoonyesha friji ni ya kwako. Bila karatasi, kila kilichomo ndani kinaonekana cha yule aliyetoroka.

Njia ya kufuata kwenye vyombo vya sheria

Ngazi ya kwanza ni mtaa: mjumbe, mwenyekiti, mtendaji. Hawahukumu, ila wanasuluhisha na wanaandika. Omba kilichokubaliwa kiandikwe na upewe nakala.

Ngazi ya pili ni Baraza la Kata. Enzi za kesi yangu lilikuwa linaweza kuamua migogoro midogo. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 haliamui tena, linasuluhisha tu. Lakini huwezi kuliruka, kwa sababu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linataka cheti cha Kata kwamba usuluhishi umeshindikana. Kata ina siku 30. Zikipita bila kusuluhishwa, unaweza kuendelea mbele hata bila cheti, kwa hiyo tunza nakala ya malalamiko yako yenye tarehe ya kupokelewa.

Kule wilayani ndiko unaweza kuomba zuio la muda ili usitolewe kabla ya shauri kusikilizwa. Kama umeshahama na unadai tu hela yako uliyomlipa mpangaji, usijichoshe na ardhi. Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya fedha kama hayo. Mimi nilimfuata yule dada Sengerema kwa njia hiyo, na kwa ile nusu ya mkononi nilishindwa kuonyesha chochote.

Kwa msaada bila malipo, uliza kwa mtendaji wa kata akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Tunatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Tunaandika barua, tunakuelekeza, tunakusindikiza. Kukuwakilisha mahakamani ni kazi ya mawakili. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia nayo ikipita kwenye kata yako, beba karatasi zako zote siku hiyo, sio maneno matupu.

Mwenye jina akifariki

Hili linauma na linakuja ghafla. Mwanaume amefariki, matanga hayajaanuliwa, ndugu wanaanza kubeba runinga na makochi. Mali ya marehemu inakusanywa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio na aliyefika wa kwanza na kirikuu. Mwombe mwenyekiti wa mtaa aje, orodha ya vitu iandikwe na kila mtu atie sahihi. Na kodi aliyolipa marehemu haifi naye. Kama amelipa hadi Desemba, mwonyeshe mwenye nyumba risiti na umwombe kwa upole muda huo uheshimiwe kwa familia yake. Hapohapo muulize masharti ya kuandikishana upya.

Unapohama

Usiache ufunguo kwa mtoto wa jirani. Mkabidhi aliyekupangisha mbele ya shahidi, piga picha kuta, dari na mlango chumba kikiwa kitupu, na soma mita ya maji pamoja naye. Kama LUKU mnachangia, malizaneni siku hiyohiyo. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni ya mwenye nyumba. Kama umekuwa unaibeba wewe, itaje kwenye hesabu. Andikeni mstari mmoja: "Leo tarehe fulani amekabidhi chumba, hadaiwi." Sahihi mbili, na nakala yako uweke pamoja na kitambulisho chako cha NIDA.